Kama al-Mutawakkil asingeuawa: je, dola ya Bani Abbas ingeepuka vurugu za Samarra?

Msomaji wa Tanga ameniandikia swali ambalo nalifupisha hivi: "Nimesoma kwamba Khalifa al-Mutawakkil aliuawa na walinzi wake mwenyewe mwaka 861, na kwamba baada ya hapo dola ya Bani Abbas iliingia katika vurugu za miaka tisa, makhalifa wanne wakapita mmoja baada ya mwingine, na nguvu ya dola haikurudi tena kama zamani. Je, kama angenusurika usiku ule, vurugu zingeepukika? Na ule uasi mkubwa wa Wazanji, watumwa wa mashambani kule Basra, ungetokea?"

Ndugu yangu, jibu langu ni kwamba kunusurika kwa al-Mutawakkil kungezichelewesha vurugu, lakini kusingeziepusha. Ukitaka kuibuni upya historia ya dola hii kwa namna inayoaminika, Desemba 861 umechelewa. Rudi nyuma miaka 28, hadi Agosti 833, kwenye kambi ya jeshi mpakani mwa nchi ya Rumi, yaani dola ya Konstantinopoli. Huko askari walimtaka mwana wa khalifa aliyefariki ashike ukhalifa, naye akaukataa. Nitaeleza kwa nini nauchagua wakati huo, ila kwanza tuumalize usiku uliouliza.

Al-Mutawakkil aliuawa mwanzoni mwa Mfunguo Mosi, siku chache tu baada ya Idi, akiwa katika baraza lake la jioni. Mwanahistoria al-Tabari anasimulia kwamba Bugha, mmoja wa majemadari wa Kituruki, alikuwa amefunga milango yote ya jumba isipokuwa ule wa upande wa mto, na wauaji wakaingilia hapo. Rafiki yake khalifa, al-Fath ibn Khaqan, alijitupa juu yake ili amkinge, wakauawa wote wawili. Ukiisoma habari hii peke yake utadhani ni njama ya walevi wachache ambayo ingeweza kuzimwa na mlinzi mmoja mwaminifu.

Lakini tazama ni nani waliokuwa na sababu ya kumtaka afe. Wa kwanza ni mwanawe mkubwa, al-Muntasir. Mwaka 850 baba alikuwa amewatangaza wanawe watatu kuwa warithi kwa kufuatana: al-Muntasir, kisha al-Mu'tazz, kisha al-Mu'ayyad, kila mmoja na majimbo yake. Baadaye moyo wake ukamwelekea al-Mu'tazz, akawa anamdhalilisha al-Muntasir mbele ya watu. Wa pili ni Wasif, jemadari mwingine wa Kituruki, ambaye mashamba yake ya upande wa Isfahan khalifa alikuwa ameagiza yachukuliwe na kupewa huyo huyo al-Fath. Mwana aliyeogopa kunyimwa urithi akakutana na jemadari aliyeogopa kunyang'anywa mali.

Sasa mwokoe khalifa usiku ule. Asubuhi yake Wasif na Bugha bado wana maelfu ya askari nje ya lango, na wote wanajua kwamba yeye anajua. Al-Mutawakkil hakuwa mtu wa kusamehe. Mwaka 849 alimnasa Itakh, jemadari aliyesaidia kumweka madarakani, alipokuwa akirudi kutoka hija: akapelekwa Baghdad, mbali na askari wake, akafungwa na kuachwa afe kwa kiu. Wasif na Bugha waliikumbuka habari hiyo vizuri. Mwaka 858 khalifa alijaribu kuhamia Damascus. Askari wakafanya ghasia kwa sababu ya malipo, na baada ya miezi miwili hivi akarudi. Kisha akajijengea mji mpya kaskazini mwa Samarra, mji mkuu wa wakati huo, akahamia huko mwaka ule ule aliouawa. Huyu ni mtawala aliyekuwa akilikimbia jeshi lake mwenyewe bila kupata pa kukimbilia. Angenusurika Desemba, naamini vita vya ndani ya jumba vingezuka kabla ya mwaka kwisha, na hapo ndipo maji yangezidi unga hata kwake.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: jeshi lilifikaje mahali pa kuweza kumuua khalifa na kumweka mwingine kana kwamba linabadilisha msimamizi wa ghala?

Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu kiini cha jambo zima kiko kwenye mishahara. Al-Mu'tasim, aliyetawala kuanzia 833 hadi 842, alianza kununua vijana wa Kituruki tangu akiwa mwana wa mfalme tu, wengine kutoka kwa mabwana zao hapo Baghdad, wengine kutoka Samarkand. Mwandishi al-Ya'qubi anasema hadi mwisho wa utawala wa kaka yake, al-Ma'mun, alikuwa amekusanya kama 3,000. Alipokuwa khalifa idadi ikaongezeka sana. Waliendesha farasi mbio katika vichochoro vya Baghdad wakikanyaga watu, na watu nao wakiwavizia na kuwaua. Siku moja ya Idi mzee mmoja akamsimamisha khalifa njiani na kumwambia wazi kwamba amewaletea majirani waliowafanya watoto wao yatima na wake zao wajane. Al-Mu'tasim akaona suluhisho ni kuhama. Mwaka 836 akaanza kujenga Samarra, ukingoni mwa Tigris, kilomita 130 hivi kaskazini mwa Baghdad. Magofu yake leo yana urefu wa zaidi ya kilomita 40.

Huo ulikuwa mji wa jeshi. Al-Ya'qubi, aliyeishi karne ile ile, anaeleza jinsi Waturuki walivyopewa mitaa yao mbali na wafanyabiashara na watu wa kawaida. Wakanunuliwa wanawake wa kuwaoa, wakakatazwa kuoa nje ya kundi lao. Majina ya wake hao yaliandikwa katika daftari la serikali na kupewa posho ya kudumu, na mume hakuruhusiwa kumwacha mkewe. Fikiria maana yake. Askari wa namna hii hana shamba, hana kijiji, hana mjomba wa kumkopesha, hana biashara ya pembeni. Unga anaokula, majani ya farasi wake, nguo ya mtoto wake, vyote vinatoka katika mlango mmoja, yaani hazina ya khalifa. Na hazina hiyo ilitegemea hasa kodi ya ardhi, ambayo sehemu yake nono zaidi ilitoka mashamba ya umwagiliaji ya kusini mwa Iraki. Mifereji ikizibwa na tope mwaka mmoja, au liwali wa jimbo akichelewesha fedha, askari wa Samarra analala njaa.

Askari kama huyo ana njia moja tu ya kupata fedha nyingi kwa mara moja: kutawazwa kwa khalifa mpya, kwa kuwa kila kiapo cha utii kiliambatana na malipo maalumu. Al-Mu'tazz alipotawazwa Samarra mwaka 865, vita kati ya Samarra na Baghdad vikianza, askari waliahidiwa mshahara wa miezi kumi. Fedha hazikutosha, wakapewa wa miezi miwili. Miaka minne baadaye walimfuata wakadai dinari 50,000 tu. Akamwomba mama yake, Qabiha, naye akasema hana. Askari wakamburuta khalifa kwa miguu hadi uani, wakamsimamisha juani katika joto la Julai, akawa anainua mguu huu na kushusha huu kwa ukali wa moto wa ardhi. Alikufa kifungoni siku chache baadaye. Kisha ikagunduliwa hazina ya mama yake iliyofichwa: dinari zipatazo milioni moja, mbali na zumaridi na lulu. Al-Tabari, anayetusimulia haya, alikuwa mtu mzima wa miaka 30 hivi wakati huo. Hakusimulia hadithi za kale.

Naomba uangalie jambo moja katika mkasa huo. Wale askari hawakutaka kuivunja dola. Walitaka kulipwa. Waandishi wengi, wa zamani na wa sasa, wamewalaumu Waturuki kana kwamba fujo ilikuwa katika damu yao, na hilo silikubali hata kidogo. Wachukue Waarabu, Waajemi au watu wa kabila lolote, uwatenge na jamii namna ile, uwafunge kwenye hazina moja, na utapata yale yale.

Unaweza kuuliza kama kulikuwa na dola yoyote ya zama zile iliyopita katika shimo hili ikatoka. Ilikuwapo, tena ya jirani na adui mkubwa wa Bani Abbas. Rumi ya Konstantinopoli ilipindua watawala mara saba kati ya 695 na 717. Majeshi ya majimbo yalishiriki sana katika mapinduzi hayo, kwa hiyo usidhani kwamba askari wao walikuwa malaika. Lakini askari hao walikuwa na makwao, wengi wakiishi na familia zao katika majimbo waliyoyalinda, na mji mkuu ulipoyumba mji wa kwao uliendelea kulimwa na kulindwa. Leo III alipoingia madarakani 717, huku Waarabu wakija kuuzingira mji, alikuta bado kuna kitu cha kushika. Al-Muhtadi, khalifa aliyemfuata al-Mu'tazz, alipoingia Samarra 869 hakukuta chochote. Aliishi kwa kubana matumizi na kwa ibada, na bado aliuawa ndani ya mwaka mmoja.

Wapo wanaopenda kuianzisha historia mbadala mwaka 802, Khalifa Harun al-Rashid alipokwenda Makka na wanawe na kutundika ndani ya Al-Kaaba hati za kugawa urithi: al-Amin kwanza, al-Ma'mun baadaye huku akishika Khurasan, jimbo la mashariki. Vita vya ndugu hao vilivyoanza 811, na kuzingirwa kwa Baghdad kwa zaidi ya mwaka mzima hadi al-Amin alipouawa Septemba 813, vililivunja jeshi la zamani la Baghdad. Ni kweli kwamba bila vita hivyo al-Mu'tasim asingehitaji jeshi jipya. Lakini sioni namna rahisi ya kuviepusha. Nyuma ya kila ndugu kulikuwa na nchi nzima na watu wenye maslahi yao, na hati yoyote ya Harun ingewakuta wapo.

Mwaka 833 ni habari nyingine. Hapo uamuzi ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja, kwa siku moja.

Al-Ma'mun alikuwa vitani dhidi ya Rumi, amepiga kambi Budandun, katika milima ya kaskazini mwa Tarsus. Al-Tabari ameihifadhi simulizi ya mtu aliyekuwapo. Khalifa alikuwa ameketi ukingoni mwa kijito, miguu ndani ya maji, ndugu yake al-Mu'tasim pembeni yake. Maji yalikuwa baridi na safi mno, wakawa wanayasifu. Khalifa akauliza ni chakula gani kingefaa kuliwa na maji kama yale, mwenyewe akajibu: tende mbivu za aina ya azadh. Hapo hapo zikasikika hatamu za nyumbu wa posta, na juu ya nyumbu kulikuwa na vikapu vya tende zile zile, kana kwamba zimechumwa muda ule. Wakala, wakanywa maji yale, na kila mmoja aliinuka akiwa na homa. Al-Ma'mun hakupona.

Mwanawe, al-Abbas, hakuwa mtoto wa jumbani. Miezi michache kabla baba alikuwa amemtuma kujenga Tuwana, mji wa Tyana wa zamani, uwe ngome ya kudumu ya Waislamu ndani ya nchi ya Rumi. Na angalia askari wa kukaa huko walivyopatikana: liliagizwa kila jimbo litoe watu wake. Misri, Damascus, Hims, Jordan, Palestina, Jazira. Hao ni askari wenye makwao, wanaopelekwa kuishi mpakani katika mji wenye kuta na mashamba kuuzunguka. Mimi naona hapo mbegu ya jeshi la aina nyingine kabisa.

Al-Ma'mun, kwa sababu ambazo wanahistoria wanazibishania hadi leo, alimwachia ukhalifa ndugu yake, wala si mwanawe. Jeshi likakataa. Askari wakapiga kelele, wakimtaja al-Abbas kwa jina la khalifa. Al-Mu'tasim akamwita al-Abbas, naye akampa ami yake kiapo cha utii, kisha akawatokea askari na kuwaambia: "Mapenzi gani haya baridi? Nimeshampa ami yangu kiapo, na nimemkabidhi ukhalifa." Wakatulia.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka. Al-Mu'tasim aliamuru Tuwana ibomolewe, kinachobebeka kibebwe, kisichobebeka kichomwe, na watu waliohamishiwa huko warudi makwao. Mwaka huo huo akamwandikia liwali wa Misri awafute Waarabu katika daftari la posho za jeshi. Nafasi zao zilichukuliwa na watu wa kununuliwa.

Sasa ifikirie siku ile ikienda vingine. Al-Abbas anatoka hemani na anaikubali kelele ya askari. Je, ami yake angepigana? Alikuwa na watu wake, lakini wachache mbele ya jeshi zima la mpakani. Mtu wa kuamua angekuwa Abdallah ibn Tahir, mtawala wa Khurasan, ambaye uhusiano wake na al-Mu'tasim ulikuwa mbaya. Sioni sababu ya yeye kumwaga damu kwa ajili yake. Baghdad nayo ilikuwa mikononi mwa ndugu wa ukoo huo huo wa Tahir, na huko walikuwa bado wanakumbuka njaa ya 813. Kwa maoni yangu al-Mu'tasim angekubali kiapo na kurudishiwa uliwali wa Sham na Misri, akakaa huko na Waturuki wake elfu tatu kama jemadari mkubwa, tishio ambalo mpwa wake angelazimika kuliangalia kwa miaka mingi. Siwezi kukuahidi historia mbadala isiyo na hatari.

Nguzo ya utawala wa al-Abbas ingekuwa Ujayf ibn Anbasa, jemadari wa kizazi cha zamani. Tunajua alivyokuwa na uwezo kwa sababu hata chini ya al-Mu'tasim alifanya kazi kubwa. Mwaka 834 alitumwa kuwazima Wazutti, watu wenye asili ya Bara Hindi waliokuwa wameasi katika mabwawa ya kusini mwa Iraki na kukata njia ya Basra. Aliziba mito, akawabana kwa miezi kadhaa, na kufikia mwanzoni mwa 835 walikuwa wamesalimu amri. Al-Tabari anataja watu 27,000, wake kwa waume na watoto, waliochukuliwa kwa mashua hadi Baghdad. Yashike mabwawa hayo akilini, tutayarudia.

Kuna mambo ambayo dola ya al-Abbas ingeyafanya vibaya kuliko ile ya ami yake, na haki ni kuyasema. Uasi wa Babak huko Azerbaijan ulikuwa umedumu tangu 816 na kuyameza majeshi kadhaa ya al-Ma'mun. Al-Mu'tasim aliumaliza 837 kwa kumpa jemadari al-Afshin fedha na watu bila kuhesabu. Al-Abbas angetumia jeshi lile lile lililoshindwa mara nyingi, na naona vita hivyo vingemsumbua miaka mitano au sita zaidi. Vilevile asingeuteka Amorium, mji wa Rumi, kwa kishindo kama kile cha Agosti 838. Angekuwa na ngome ya Tuwana na mpaka unaosogea kidogo kidogo, jambo ambalo haliwapi washairi la kusema lakini halimalizi hazina.

Faida ingeonekana baadaye. Bila Samarra, mtindo wa majemadari wa mji mkuu kupewa majimbo na kutuma manaibu wakakusanye mapato usingekomaa namna ile. Ahmad ibn Tulun aliingia Misri mwaka 868 kama naibu wa jemadari wa aina hiyo, akajifanya mtawala huru, na mapato ya Misri yakaponyoka. Kurithishana kungeendelea kuwa na ugomvi, kwa sababu Bani Abbas hawakuwahi kuwa na kanuni kwamba mwana mkubwa ndiye anayerithi. Mara khalifa anafariki bila kumtaja mtu, kama al-Wathiq mwaka 847. Wakubwa wakamvika mwanawe mdogo joho jeusi na kofia ya kifalme, wakaona yanamzidi, wakamtafuta al-Mutawakkil. Lakini mabishano ya namna hiyo yanapokuwa kati ya mawaziri, makadhi na majemadari wenye mashamba yao, mara nyingi huishia kwenye mapatano. Yakiwa kati ya askari wenye njaa waliozunguka jumba, huishia kama yalivyoishia kwa al-Mu'tazz.

Na mipaka? Andalusia ilikuwa imekwenda tangu 756, Maghrebi ya mbali tangu 789, Tunisia ya leo ilikuwa chini ya ukoo wa Aghlab tangu 800 kwa kulipa tu kodi ya mwaka. Hakuna kiapo cha mwaka 833 ambacho kingezirudisha. Ninaposema dola ingetulia, nina maana ya Iraki, Sham, Misri na magharibi ya Iran, labda kwa vizazi viwili au vitatu zaidi. Mashamba ya kusini mwa Iraki yalikuwa yanaharibiwa na chumvi, na khalifa mwema haiondoi chumvi ardhini.

Hapo ndipo tunawafikia Wazanji. Kusini mwa Iraki, matajiri wa Basra walikuwa na maeneo makubwa ya ardhi iliyofunikwa na tabaka la chumvi. Watumwa walipelekwa kwa makundi kulikwangua tabaka hilo na kulilundika mafungu mafungu ili udongo wa chini ulimwe, wakilishwa unga na tende. Mnamo Septemba 869 Ali ibn Muhammad, mtu aliyezaliwa upande wa Rayy na aliyewahi kuishi kwa mashairi huko Samarra, alikwenda kwenye makambi hayo na kuwaahidi uhuru na mali. Hesabu miezi: al-Mu'tazz alikuwa amekufa Julai ya mwaka ule ule. Basra yenyewe ilikuwa imegawanyika kwa ugomvi wa makundi ya mitaani. Uasi ulidumu hadi Agosti 883. Mwaka 871 Wazanji waliiteka na kuichoma Basra, na walijenga mji wao, al-Mukhtara, wenye kuta na mifereji ambayo jeshi la al-Muwaffaq, ndugu wa khalifa wa wakati huo, lilihangaika nayo kwa miaka. Katikati ya vita, mwaka 876, al-Muwaffaq alilazimika kugeuka kumzuia Ya'qub al-Saffar, mtawala wa Sistan, aliyekuwa anaikaribia Baghdad kutoka mashariki.

Ungetokea? Naamini ndiyo. Kazi ile na maisha yale vilitosha kuwasha moto, na vilikuwa vimeuwasha kabla: Wazanji wa Basra waliasi mara mbili mwishoni mwa karne ya 7, dola ikiwa na nguvu, wakavunjwa. Kilichoupa uasi wa 869 miaka 14 ni Samarra. Katika historia yetu mbadala, jemadari aliyefunzwa na Ujayf, anayeijua vita ya mabwawa tangu siku za Wazutti, angefika Basra ndani ya miezi michache, angeziba mito, na angemaliza kazi ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Na hapa naomba tuseme jambo bila kulizunguka. Dola iliyotulia ingekuwa neema kwa Baghdad, kwa wakulima waliolipa kodi mara moja badala ya mara mbili, kwa wasafiri wa hija. Kwa yule aliyekuwa anakwangua chumvi, utulivu huo ungekuwa na maana ya mijeledi zaidi na miaka 14 ya uhuru isiyokuwapo. Mara nyingi watu wanaobuni historia mbadala ya dola hizi huuweka utulivu upande wa mema bila kuuliza ni wa nani. Sisi wa pwani hii tunapaswa kuuliza, hata kama wanahistoria hawakubaliani ni wangapi kati ya Wazanji wale walitoka kwetu. Baadhi yao wanaona biashara ya watumwa kutoka Afrika Mashariki ilikuwa bado ndogo karne ile, na kwamba waasi walikuwa mchanganyiko wa watu wa asili nyingi, pamoja na Waarabu wa nyikani na wanavijiji huru.

Hukuuliza kuhusu pwani yenyewe, lakini swali lako linaelekea huko. Vigae vya mitungi yenye rangi ya samawati na kijani kutoka kusini mwa Iraki vimechimbuliwa Unguja Ukuu, Manda na Shanga, kwa hiyo jahazi zilikuwa zinakuja. Basra isingechomwa 871, wafanyabiashara wengi wangebaki na mitaji yao, na huenda biashara yetu na Ghuba ingenenepa zaidi katika miaka ile. Ila sidhani kama tofauti ingekuwa kubwa. Bandari za Siraf na Suhar hazikuchomwa na Wazanji. Al-Mas'udi, msafiri aliyezaliwa Baghdad, alisafiri hadi kisiwa cha Qanbalu, ambacho wengi wanakihesabu kuwa Pemba, na safari yake ya mwisho kutoka huko kwenda Omani ilikuwa mwaka 916 hivi. Alikuta Waislamu kisiwani, na mabaharia wa Omani na Siraf wanaoijua njia hiyo vizuri, miaka 33 baada ya al-Mukhtara kuanguka.